Maji ya Shibe

Waliotangulia kupotea kinamasini ni uduvi, na hakuna aliyewalilia kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwala tena. Baada yao wakaondoka watoto wa kereng'ende, wale wanaoishi majini kabla hawajaota mbawa. Wakafuata wadudu wa siku moja, ambao zamani walipanda kutoka majini kwa wingi hata wakaziba mwanga wa taa za kituo cha utafiti. Kisha kaa wadogo. Kisha kome.

Asubuhi hiyo Dkt. Leokadia Likwelile alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, amevaa suruali yake ya mpira, akikokota wavu kwenye mizizi ya matete. Aliumwaga ndani ya beseni jeupe akainama kutazama. Funza wekundu, wembamba kama nyuzi, wa aina ile inayoweza kuishi mahali penye hewa haba. Na konokono. Konokono wengi mno, weusi, wote wa aina moja, wale wabebao kichocho. Mwani ulikuwa umewanenepesha, na samaki waliozoea kuwala wangali wachanga walikuwa wamepungua.

Hata hivyo samaki wadogo bado walikuwepo. Hilo ndilo lililomwamsha kila siku. Katika Dimbwi la Nyuma, nyuma kabisa ya kinamasi, madume mekundu yenye mikia ya buluu, hayazidi urefu wa kidole, yalikuwa bado yakifukuzana kwenye maji yenye rangi ya uji.

"Hodi huko!"

Leokadia aligeuka. Juu ya tuta alisimama mwanamume mnene aliyevaa viatu vya mjini, amekumbatia sanduku la barafu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alimtambua kwa namna alivyoinamisha kichwa. Nestori Lihawa. Walikuwa wamesoma pamoja chuo kikuu, kisha yeye akaenda kwenye maabara za Mamlaka ya Shibe, na Leokadia akaja huku kwenye matope ya Kilombero.

"Karibu," Leokadia alisema. "Ila usishuke. Maji haya yana kichocho."

"Najua."

"Unajua kwa kusoma. Kaa hapo hapo, nakuja."

Walipanda hadi kituoni, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Zamani ilikuwa na watafiti wengi na mpishi. Sasa alikuwamo Leokadia peke yake, na mijusi. Kutoka barazani mtu aliona bonde lote, mpunga kutoka mlima hadi mlima, wa kijani kibichi mahali pengine na wa dhahabu mahali pengine, kwa kuwa sasa hapakuwa na msimu. Mashine za kuvuna zilitembea ndani yake kwa miguu mirefu, zikiinama na kuinuka polepole. Wakulima waliziita korongo.

"Umekonda," Nestori alisema.

"Na wewe umenenepa. Ndiyo kazi ya Shibe."

Walicheka wote wawili, ingawa ulikuwa ni ukweli mtupu. Shibe ilikuwa ni mbolea iliyo hai. Nestori na wenzake waliitengeneza katika miaka ya mwisho ya Njaa Kuu, iliyodumu tangu utoto wao: bakteria mdogo anayekaa kwenye mizizi ya mpunga, akivuta naitrojeni kutoka hewani na kuilisha mimea, na kuyeyusha fosforasi iliyolala ndani ya mawe. Haikununuliwa wala kuongezwa. Ukishaitia shambani mara moja, ilijizalisha yenyewe, ikamfuata mkulima kwenye kwato za ng'ombe na kwenye mbegu za jirani. Katika miaka michache nchi ikashiba. Nchi za jirani zikashiba. Leokadia hakuwahi kubisha hilo. Na yeye alikuwa ameila.

Lakini Shibe haikujua tuta la shamba liko wapi. Ilishuka na maji ya mifereji hadi kinamasini, na huko ikaendelea na kazi yake ya kurutubisha, ingawa hakuna aliyepanda kitu. Mwani ukala ukashiba, ukafa, ukaoza. Kuoza kukala hewa iliyomo majini.

Nestori aliweka sanduku mezani akafungua kifuniko. Ndani ya barafu kulikuwa na kichupa kimoja cha kioo, kidogo kama cha dawa ya macho.

"Nini hiki?"

"Dawa."

"Ya ugonjwa gani?"

"Ya Shibe."

Leokadia alivuta kiti akaketi.

"Ni virusi," Nestori alisema. Aliongea kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Haviingii kwa mtu, wala kwa samaki, wala kwa bakteria mwingine yeyote. Vinaingia ndani ya Shibe tu. Vinazaana humo mpaka Shibe inapasuka, halafu vinatoka kutafuta nyingine. Nimevitafuta miaka mingi, Leokadia. Nilikuwa nikiwaambia wakubwa kwamba natafuta namna ya kuilinda Shibe na magonjwa. Kumbe natafuta ugonjwa wenyewe."

"Na ukivimwaga?"

"Vitakwenda kila inakokwenda Shibe."

"Kila mahali."

"Kila mahali. Hakuna mpaka utakaovizuia."

Leokadia alitazama korongo moja ya chuma ikiinama kwenye shamba la mbali. "Na mpunga?"

"Mpunga wa siku hizi umezoea kulishwa. Haujui tena kujitafutia. Utazaa, lakini kidogo sana, na viwanda vya mbolea ya zamani tulishavivunja." Akajifuta jasho la shingoni. "Itachukua miaka kurudi tulipokuwa."

"Tulipokuwa ni wapi, Nestori? Kwenye Njaa Kuu?"

Nestori alikizungusha kichupa ndani ya barafu.

"Kwa nini umeniletea mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayeona kinachokufa. Mimi huko maabara naona takwimu za magunia tu. Nikikishika hiki kichupa nawaona wanangu mezani, mkono unakataa." Alisukuma sanduku upande wake kidogo. "Nikasema, nimpelekee mtu ambaye anaona pande zote mbili."

"Umesema umtwishe mtu mwingine."

"Ndiyo," Nestori alisema. "Hata hivyo ni kweli."

*

Walikubaliana kukijaribu kwanza.

Nyuma ya kituo palikuwa na kidimbwi cha majaribio kilichojengwa kwa saruji, kimefunikwa kwa hema la nailoni lisilopitisha hata mbu. Leokadia alikijaza maji na tope la kinamasi, akatia konokono, funza wekundu, na samaki wadogo kutoka Dimbwi la Nyuma, madume na majike. Kwenye mfereji mmoja uliotoka mlimani alifanikiwa kupata uduvi, wachache, wakiwa wamejificha chini ya jiwe kama wakimbizi. Aliwatia na hao. Wakavaa glavu na mavazi ya plastiki. Nestori akafyonza tone moja kutoka kwenye kichupa, akalidondosha.

Siku iliyofuata maji yalikuwa yameanza kupoteza ile rangi ya uji. Siku iliyofuata tena, Leokadia aliinua pembe ya hema akaona chini. Hakuwa ameona sakafu ya maji yoyote ya kinamasi kwa muda mrefu kiasi kwamba kwanza alidhani kidimbwi kimevuja. Kisha akamwona uduvi mmoja, mwangavu kama kucha, akitembea juu ya tope kwa miguu yake ya nywele, akisimama, akionja, akitembea tena.

"Nestori! Njoo! Njoo uone!"

Nestori alikuja mbio na ndala zake. Wakapiga magoti wote wawili kwenye saruji, watu wazima wenye mvi, vichwa vimegusana, wakimtazama uduvi. Dume moja jekundu lilipita juu yake likitanua mapezi mbele ya jike. Leokadia alimshika mwenzake mkono, na Nestori akaubana.

"Inawezekana," Nestori alisema. "Mungu wangu. Inawezekana."

Walikula ugali na mlenda jioni hiyo wakizungumza kama vijana. Walipanga mambo ambayo hata wao hawakuyaamini.

Kulipokucha harufu iliwafikia vitandani.

Maji ya kidimbwi yalikuwa yamegeuka kuwa ya kijani kizito, kama rangi ya mlango. Samaki wote walikuwa wameelea, matumbo juu. Uduvi walikuwa wamegeuka weupe kama wanavyogeuka wakipikwa. Hata konokono walikuwa wamepanda ukutani juu ya maji, wakakauka hapo. Walibaki funza wekundu peke yao, wakicheza kwenye tope.

Nestori alishusha kipimo cha oksijeni. Aliangalia namba, akakigonga kipimo, akaangalia tena.

"Hewa imekwisha," alisema. "Sikufikiria. Nilifikiria kuua tu, sikufikiria maiti."

Leokadia alikuwa ameshaelewa. Shibe zote zilizokuwa ndani ya maji yale zilipasuka kwa pamoja. Kila moja ilikuwa ni kifuko kilichojaa naitrojeni na fosforasi, na kila kilichokuwa ndani ya vifuko hivyo kikamwagika kwa mpigo mmoja. Mwani ukapata karamu. Usiku ulipoingia, pasipo jua la kutengenezea hewa, mwani ukavuta pumzi yote iliyokuwemo, na mizoga ya Shibe ikaoza ikavuta iliyobaki. Usafi wa maji waliouona ulikuwa ni ule mwanya mdogo kati ya kifo cha kwanza na cha pili.

"Kwa hiyo dawa nayo inaua," alisema.

"Mara moja tu." Nestori alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Akaanza kufikiri kwa sauti, kama zamani kwenye benchi la chuo. "Sikiliza. Kinamasi kitakufa chote, ndiyo. Lakini mto utaendelea kukisukuma na kukisafisha. Mvua mbili, tatu. Hapatakuwa na Shibe nyingine ya kukirutubisha. Maji yatarudi. Tatizo ni je, nani atarudi ndani yake?"

Leokadia alichota tope la kidimbwini akaliweka kiganjani. Alilipekua kwa kidole mpaka akakiona alichotafuta: chembe moja inayong'aa, ndogo kuliko punje ya mchanga.

"Huyu," alisema.

Samaki wa Dimbwi la Nyuma walizoea kufa. Tangu zamani madimbwi yalikauka kila kiangazi na kila samaki akafa na dimbwi lake, lakini mayai yalibaki yamelala topeni, hayahitaji maji wala chakula, wala hewa isipokuwa kidogo. Yaliweza kungoja kiangazi kimoja, na kingine, mpaka mvua inyeshe vya kutosha. Na huko juu mlimani uduvi walikuwa bado chini ya mawe. Maji yakisafika, wangeshuka.

"Yatangoja?" Nestori aliuliza.

"Tope likiwa zima yatangoja. Lakini tope nalo linaanza kuoza. Mwaka jana mayai mengi yalikuwa mazima. Mwaka huu nusu ni meusi." Akafumba kiganja. "Tukichelewa hapatakuwa na wa kurudi."

Hivyo basi jambo likawa wazi mbele yao, na uwazi wake haukusaidia kitu. Wakimwaga kichupa sasa, wangeua kila kilichobaki hai kinamasini na kuwarudisha watu kwenye njaa, ili siku moja maji yawe maji. Wasipomwaga, watu wangeshiba, na kinamasi kingekufa taratibu, na mayai nayo.

Walichemsha maji ya kidimbwi yote kwenye mapipa, wakatia klorini, wakachoma hema. Ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Kesho yake asubuhi Nestori alifunga begi lake. Hakugusa sanduku la barafu.

"Lichukue," Leokadia alimwambia.

"Siwezi."

"Nestori."

"Nikilirudisha maabara, siku moja mtu atalikuta, atalimwaga au ataliuza. Nikilitupa, nitajua ni mimi niliyelitupa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisamehe, Leokadia. Lolote utakalofanya, sitasema ulikosea."

"Hata usiposema, nani atanisaidia?"

Leokadia alimtazama akitembea juu ya tuta kwa viatu vyake vya mjini mpaka mpunga ukamficha.

*

Mdogo wake Leokadia, Apolonia, aliishi upande wa pili wa mfereji mkuu, kwenye kijiji cha Mbasala. Leokadia alikwenda mchana, sanduku la barafu begani. Alimkuta jikoni nje, mbele ya majiko mawili ya kuni yanayowaka, moja likiwa na maharage, mjukuu wake Tekla ameketi kwenye mkeka karibu naye. Tekla alikuwa na miguu yenye mikunjo ya unene, na alikuwa akitafuna ukoko kwa bidii kubwa.

"Shikamoo dada. Leo umekumbuka kuna watu?"

"Marahaba. Mnaendeleaje?"

"Tupo. Kaka yake Tekla amekojoa damu tena, wamempa dawa shuleni. Wenzake wote wamepewa." Alisema hivyo kama anayesema mvua ilinyesha. Halafu akamtazama dada yake vizuri zaidi. "Una nini wewe?"

Leokadia alimweleza. Hakuwa amekusudia kumweleza yote, lakini Apolonia aliacha kupepeta mchele akasikiliza, na maneno yakaendelea kutoka. Alipomaliza, sauti iliyobaki ni ya moto, na ya Tekla na ukoko wake.

"Kimo humo?" Apolonia aliuliza, akionyesha sanduku kwa kidevu.

"Kimo."

"Umekileta nyumbani kwangu."

"Sikuwa na pa kukipeleka."

Apolonia alimvuta mjukuu wake karibu. "Nani mwingine ameulizwa?"

"Hakuna."

"Watu wa Mbasala? Wa huko Mbeya, wa Zambia? Umesema itafika hadi huko."

"Ukiwauliza watakataa, Polo."

"Ndiyo maana unataka usiwaulize."

Leokadia alishusha sanduku kutoka begani. Apolonia akaendelea, si kwa hasira. "Hao walioleta Shibe nao hawakuuliza mtu. Tuliamka tukaikuta mashambani. Na ikatufaa, basi tukanyamaza. Sasa mnataka kuiondoa vile vile. Sisi ni nani kwenu? Konokono?"

"Kinamasi kinakufa."

"Naona. Unadhani sioni? Nanuka maji yale kila siku."

"Unakumbuka mama alikuwa anatulisha nini?"

Apolonia alisukuma kuni ndani ya jiko. Mwanzoni mwa Njaa Kuu mama yao aliingia kinamasini na chandarua kukuu, akachota samaki wadogo na uduvi, akawaanika juu ya bati, akawatwanga, akatengeneza uji wa kijivu. Apolonia alikuwa na umri wa Tekla. Aliishi kwa uji huo. Baadaye watu wa mbali nao wakaja na vyandarua vyao, kinamasi kikapungukiwa, na mdogo wao Kasiani, aliyezaliwa wa mwisho, hakupata kutembea.

"Shibe ni kitu kimoja," Leokadia alisema. "Siku ikipata ugonjwa wake wenyewe, bila sisi kuuleta, mtakimbilia wapi? Sisi tulikuwa na pa kukimbilia. Pale kulikuwa na uhai chungu nzima, wa kila namna, haumtegemei mtu. Siku hiyo pale patakuwa na funza tu."

"Siku hiyo mimi sitakuwepo."

"Tekla atakuwepo."

Walimtazama mtoto wote wawili. Tekla aliwaona wakimtazama, akanyoosha ukoko uliolowa mate kumpa bibi yake mkubwa.

"Asante, mama," Leokadia alisema, akaupokea. "Polo, ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Usiniulize mimi."

"Nakuuliza."

"Nimekwambia usiniulize!" Apolonia alisimama, akakaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi nimembeba Kasiani. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ulikuja kwa mazishi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo nikapewa nimbebe kwenda kaburini kwa sababu alikuwa mwepesi, Leokadia. Hata mimi niliweza. Ukitaka kumwaga, mwaga. Sitakushika mkono wala sitamwambia mtu. Lakini njaa ikifika, wewe ndiye utakayepita nyumba kwa nyumba uwaambie kina mama kwa nini. Uwaambie samaki watarudi."

Leokadia alijaribu kujiona akifanya hivyo. Alijaribu kuiona nyumba ya kwanza tu, ya jirani, na mlango wake wa bati. Alijua kila neno ambalo angesema na yote yalikuwa ya kweli. Hakuweza kujiona akibisha hodi.

"Niazime kile kisufuria cha chai," alisema hatimaye.

Alikijaza maji, akakiweka kwenye jiko la pembeni. Yalipochemka, alifungua sanduku, akakitoa kichupa kwa ncha za vidole, akakitia. Kioo kiligongagonga ukingo wa sufuria. Apolonia alimsogeza mtoto mbali na moshi. Wakangoja mpaka maji yalipopungua na kichupa kikapasuka.

"Vimekufa?"

"Vimekufa."

"Mwenzio anaweza kutengeneza vingine?"

"Anaweza. Hatatengeneza." Leokadia alikaa chini kwenye mkeka. Alitegemea ahueni ya aina fulani, hata ile ya mtu aliyekwisha kosea. Haikuja. "Sasa nimewaua wa kinamasini, Polo."

"Hujawaua wewe."

"Nilikuwa na cha kuwaokoa."

Apolonia alimwegemeza kichwa begani kwake, akaacha maharage yaungue.

*

Wiki ile mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mlimani, ikaosha mashamba yote kwa pamoja na kuishusha Shibe kinamasini. Apolonia ndiye aliyekuja kumwita. Alifika kituoni alfajiri, kanga imemlowa, akihema.

"Dada, amka. Maji ya Dimbwi la Nyuma yanachemka."

Hayakuwa yanachemka. Leokadia alijua kabla ya kufika, na bado alikimbia. Uso wa dimbwi wote ulikuwa unatikisika katika mwanga wa kwanza, na alipokaribia akaona ni vinywa. Samaki wote wadogo walikuwa wamepanda juu, madume na majike na vichanga visivyo na rangi bado, kila mmoja akinyonya ule utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa, kwa kuwa chini yake hapakuwa na kitu cha kuvuta. Walijaa mpaka ukingoni. Waligusana mbavu. Wekundu wao ulionekana kama mafuta ya mawese yaliyomwagwa.

"Wanataka nini?" Apolonia aliuliza. Hakuwahi kuliona jambo hilo. Alikijua kinamasi kwa harufu yake tu, na kwa uji wa utotoni.

"Hewa."

"Jua likitoka?"

"Jua likitoka mwani utatengeneza hewa. Wengine wanaweza kupona."

Waliangalia mashariki. Mawingu yalikuwa mazito, meusi, yamekaa juu ya mlima bila dalili ya kuondoka. Samaki wa pembeni walianza kulala ubavu. Walilala mmoja mmoja kwanza, wakijiinua na kulala tena, kisha kwa makundi.

"Tufanye nini?"

"Hakuna, Polo. Dimbwi ni kubwa mno."

Apolonia alifunga kanga yake kiunoni. Kabla Leokadia hajamzuia alikuwa ameingia majini hadi magotini, ndani ya kichocho, ndani ya samaki, na kwa viganja vyote viwili akaanza kuyapiga maji. Aliyapiga kama mtu anayefua kwa hasira, akayarusha juu yakaanguka yakiwa na mapovu. Samaki waliokuwa karibu walivutwa na mapovu hayo. Walimzunguka miguuni. "Ndivyo?" aliuliza bila kugeuka. "Ndivyo wanavyopata?"

Kwa kipimo chochote ilikuwa ni bure. Leokadia angeweza kumweleza ni hewa kiasi gani viganja viwili vinatia majini, na ni kiasi gani dimbwi lile linakula kwa kila pumzi.

"Ndivyo," alisema.

Akachukua kafi kutoka kwenye mtumbwi, akaingia, akasimama kando ya mdogo wake, akaanza kupiga. Kufika saa ya kunywa chai mawingu yalikuwa hayajasogea, na mikono ilikuwa haiinuki tena vizuri. Mbali kidogo kutoka walipokuwa maji yalikuwa yametulia, hayana kinywa hata kimoja. Apolonia aliona, akaona na dada yake ameona, na wote wawili wakaendelea kupiga maji yaliyozunguka miguu yao.